Tukivuka Mpaka: Lugha, Woga na Usalama Wetu



Mama anapojitayarisha kwenda Bujumbura kununua vitenge, kwenda Kigoma kumwona ndugu, au kumpeleka mtoto kwa daktari ng'ambo, huwauliza wenzake maswali mawili. La kwanza: huko kuna usalama? La pili: nitasema lugha gani? Kwa kawaida tunajibu kila swali peke yake. Juma hili tunayaweka pamoja, kwa sababu mara nyingi jibu la swali la pili ndilo linalotengeneza jibu la kwanza. Mtu akirudi kutoka mahali alipoelewa kila neno, anasema: "Kule ni salama." Akirudi kutoka mahali ambapo watu walizungumza mbele yake naye asielewe, anasema: "Kule ni hatari." Vikundi vyetu vinasikia habari hizo, na mama mwingine anaahirisha safari, au anaifanya bila kujihadhari.

Lakini sikio halitoshi kupima usalama. Kuna mahali ambapo hatuelewi hata neno moja na hakuna ubaya wowote. Na kuna mtu anayetusalimia kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa, kumbe ndiye anayetaka kutuibia. Tuyatenganishe mambo haya mawili, kisha tuone nini kinatusaidia kweli njiani.

Wageni wa zamani kwenye mto wetu

Jambo hili si jipya hapa kwetu. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakafika Uvira. Walitaka kujua kuhusu mto Ruzizi: je, unatoka ziwani au unaingia? Habari walizokuwa nazo zilipita kwenye lugha na midomo mingi, na walikuwa wameamini kwamba mto unatoka. Walipofika Uvira, wenyeji wakawaambia wazi kwamba unaingia. Wageni hao walitaka kwenda kuona kwa macho, lakini wapiga makasia wao walikataa kusonga mbele, wakiwaogopa watu wa upande wa juu. Wakarudi bila kuuona mto. Ilibidi kungoja hadi 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofika na kuona maji ya Ruzizi yakiingia ziwani.

Jambo ambalo mama yeyote wa hapa anayechota maji alilijua, liliwachukua wageni miaka 13. Maneno yaliyoeleweka vibaya yaliwapoteza kwanza, kisha woga ukawazuia kwenda kuhakikisha. Nasi tunapovuka mpaka, mambo hayo mawili huja pamoja vilevile.

Gatumba na Bujumbura: kutoelewa si hatari

Ukitoka Kavimvira na kuingia Gatumba, umebakiza safari fupi tu kufika Bujumbura, lakini lugha inabadilika ghafla. Kirundi ndicho lugha ya kila mtu huko. Kifaransa kinatumika maofisini, na tangu 2014 Kiingereza nacho ni lugha rasmi ya Burundi. Kiswahili kinasikika sana sokoni na katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, ambako kimekuwepo tangu siku za wakoloni. Lakini ukiondoka mjini kwenda milimani, usitegemee Kiswahili. Utakutana na watu wema wengi ambao hawatakuelewa.

Hapo ndipo woga unapoanza. Abiria wawili ndani ya basi wanacheka, wewe unafikiri wanakucheka. Askari anaongea kwa sauti kubwa, wewe unafikiri amekasirika. Mara nyingi abiria wanazungumzia mambo ya nyumbani kwao, na askari anamwambia dereva asogeze gari. Maneno machache tu yanatosha kupunguza woga huo. Tunawaomba myakariri:

"Mwaramutse" ni salamu ya asubuhi, na "mwiriwe" ni ya mchana na jioni. "Amahoro" ni amani, nayo ni salamu ya wakati wote. "Murakoze" ni aksanti. "Ego" ni ndiyo, na "oya" ni hapana. "Ni angahe?" ni kuuliza bei. "Sinumva ikirundi" ni kusema kwamba huelewi Kirundi. "Muvuge buhoro" ni kumwomba mtu aseme polepole. Na "mumfashe" ni kuomba msaada.

Mama akianza kwa "mwaramutse" kabla ya kuuliza jambo lake, uso wa mwenyeji unabadilika. Hata kama neno la pili ni la Kiswahili, ameonyesha heshima. Wengi wetu tuliona hivyo katika mwaka 2025, mwezi wa pili na tena mwezi wa kumi na mbili, maelfu ya watu wetu walipokimbilia Burundi. Walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, wengine wakapelekwa hadi Musenyi. Kwenye foleni za maji na za chakula, aliyejua kusalimia kwa lugha ya wenyeji alipata mtu wa kumwelekeza.

Mahali tunapopaswa kuwa macho kweli ni penye pesa. Sisi tunasema "franga", na wenzetu nao wanasema "amafaranga". Neno ni moja, lakini pesa ni mbili tofauti, na thamani yake si sawa. Ukiambiwa "elfu tano", uliza palepale: za Kongo au za Burundi? Usubiri jibu kabla ya kufungua kitambaa chako. Bei ikitajwa kwa Kirundi, jua kwamba "ijana" ni mia, "igihumbi" ni elfu moja, "ibihumbi bitanu" ni elfu tano, na "ibihumbi cumi" ni elfu kumi. Kama hujashika vizuri, mwombe mwenye kuuza aandike namba kwenye karatasi au kwenye simu. Hakuna aibu katika hilo. Kuuliza si ujinga.

Jambo jingine ni saa. Kwa Kiswahili na kwa Kirundi tunahesabu kuanzia jua linapotoka: saa mbili asubuhi. Kwa Kifaransa saa hiyohiyo ni "huit heures", na kwenye tiketi itaandikwa 08h00. Mama akiambiwa kwa Kifaransa "deux heures", kisha akatafsiri kichwani kuwa saa mbili asubuhi, atafika saa sita mapema na kukaa na watoto juani, na pesa kiunoni, mahali asipojulikana. Uliza kila mara: ni asubuhi au ni mchana?

Kigoma: lugha moja, maneno mengine

Ukivuka ziwa kwenda Kigoma, utafurahi. Kila mtu anasema Kiswahili, na vijijini Waha wanasema Kiha, ambacho kinakaribiana sana na Kirundi. Mama anajisikia yuko nyumbani. Lakini Kiswahili cha Tanzania na hiki chetu ni ndugu wasiofanana kila kitu, na neno moja linaweza kukutia katika matatizo madogo au makubwa.

Tuanze na salamu. "Jambo" yetu ni salamu nzuri hapa Uvira, lakini kule wengi hawaitumii kati yao. Wao wanasema "habari". Na mtu anayekuzidi umri unamwambia "shikamoo", naye anajibu "marahaba". Kijana wetu akimpita mzee bila "shikamoo", ataonekana hana adabu, hata kama nyumbani amelelewa vizuri. Wafundisheni watoto kabla ya kupanda boti.

Kwenye soko, ndagala zetu wanaziita dagaa. Mikeke wanaiita migebuka. Sombe wanaiita kisamvu. Ziwa ni lilelile, samaki ni yuleyule, majina ndiyo yanayogeuka. Kule mtu akikwambia "nipe buku", hataki kitabu: anataka shilingi elfu moja. Na "jero" ni shilingi mia tano.

Majina ya ukoo yanataka uangalifu zaidi. Baba wa kwetu akisema "bibi yangu", anamaanisha mke wake. Kule wengi wataelewa kwamba ni nyanya yake. Sisi tunamwita ndugu mkubwa "yaya", lakini kule yaya ni mtumishi anayelea watoto wa watu. Hebu fikirini: afisa anamuuliza msichana, "Huyu mama ni nani wako?" Naye anajibu kwa heshima, "Ni yaya." Afisa ameandika jambo lingine kabisa. Kwa hiyo mbele ya ofisi tusitumie majina ya mapenzi. Tuseme wazi: mke, mume, dada, mama mzazi, mtoto wa dada.

Kisha kuna mambo mawili ambayo hayasemwi kwa mdomo lakini nayo ni kama lugha. Saa ya Tanzania imetangulia ya Uvira kwa saa moja. Boti ikiondoka Kigoma saa mbili, kwenye saa yako ya nyumbani ni saa moja. Na magari ya Tanzania yanapita upande wa kushoto wa barabara, wakati hapa kwetu, Burundi na Rwanda yanapita kulia. Mama aliyezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka atatazama upande mbaya. Mshike mtoto mkono, tazama pande zote mbili, kisha tazama tena. Hatari hii ni ya kweli kuliko nyingi tunazozisikia kwenye masimulizi.

Mtoto wa dada ni mtoto wangu, lakini kwenye karatasi?

Hapa tunaomba msome polepole.

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wangu. Mtoto wa marehemu jirani niliyemlea ni mtoto wangu. Ni desturi nzuri, nayo imeokoa watoto wengi katika miaka ya vita. Lakini afisa wa mpaka akiuliza, "Ni mtoto wako?" nawe ukajibu "Ndiyo," kisha karatasi inaonyesha jina la mama mwingine, ataona kwamba umesema uongo. Atafikiri unamwiba mtoto. Na tuseme ukweli: ni vizuri kwamba anauliza, kwa sababu wapo watu wanaopitisha watoto wa wengine kwa ubaya.

Jibu linalolinda mtoto na wewe ni hili: "Ni mtoto wa dada yangu, wazazi wake wamenipa ruhusa, karatasi ni hii." Kwa hiyo kabla ya safari pata cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya wazazi iliyopigwa muhuri na serikali. Weka na namba ya simu ya mzazi, naye ajue siku hiyo asizime simu.

Mtoto mwenyewe afundishwe kusema mambo manne bila kusitasita: jina lake lote, jina la mama au baba, mji, na mtaa anaokaa. Kusema "nyumbani kwetu ni karibu na duka" hakutasaidia akipotea Bujumbura. "Uvira, Mulongwe," au "Uvira, Kasenga," kutasaidia. Wadogo wasioweza kukumbuka, andika kwenye karatasi na kuishona ndani ya nguo.

Kuelewana si kuaminiana

Sasa tugeuze upande wa pili. Mama aliyechoka, mwenye mizigo, katikati ya lugha asiyoielewa, anasikia sauti: "Mama wa Uvira? Karibu, mimi pia ni wa huko." Moyo unatulia mara moja. Mtu huyo anaweza kuwa malaika. Anaweza pia kuwa mtu anayesimama pale kila siku akiwangoja wamama wa Uvira, kwa sababu amejua kwamba Kiswahili chao ni ufunguo wa mifuko yao. Anajitolea kubadilisha pesa haraka, kubeba pasipoti ili "asaidie kwenye dirisha", au kuonyesha nyumba ya kulala yenye bei ndogo.

Msalimie, mshukuru, lakini karatasi na pesa zisiondoke mkononi mwako. Badilisha pesa mahali panapojulikana, mchana, ukiwa na mwenzako, na uhesabu mwenyewe. Malipo yoyote ya mpakani uyaombee risiti. Anayekataa kutoa risiti amekwambia tayari pesa hiyo inaenda wapi.

Tunayasema haya zaidi kwa ajili ya mabinti zetu. Katika nchi zetu zote za Maziwa Makuu kuna watu wanaotafuta wasichana wa kwenda kufanya kazi za nyumbani Oman, Saudia na Emirati. Wanasema: "Oman watu wanajua Kiswahili, hutapata shida." Ni kweli kwamba Oman kuna familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na pande zetu hizi, na Kiswahili kinasemwa katika nyumba zao. Lakini mkataba wa kazi hausomwi kwa Kiswahili. Umeandikwa kwa Kiarabu, labda na Kiingereza. Na katika nchi hizo ruhusa ya kukaa ya mfanyakazi inafungwa kwa mwajiri wake, kwa hiyo kuondoka kazini si rahisi kama kuacha kazi hapa.

Kikundi kikisikia kwamba binti anataka kwenda, kisimkaripie tu. Kimsaidie kuuliza: mkataba uko wapi, nani atausoma kwa lugha tunayoielewa, mshahara ni kiasi gani, siku ya kupumzika ni ipi, pasipoti itakaa kwa nani, na ni nani mtu wetu huko atakayempigia simu kila juma? Anayesema "utasaini sasa, utasoma baadaye" asipewe binti yetu.

Ukishikwa na huelewi

Inaweza kutokea. Karatasi imepita siku zake, au kumekuwa na fujo na watu wamekusanywa. Jambo la kwanza, usikimbie na usipige kelele. La pili, usiweke saini wala kidole kwenye karatasi iliyoandikwa kwa lugha usiyoijua. Sema kwa lugha yako, mara nyingi iwezekanavyo: "Sielewi, naomba mtu wa kutafsiri."

Hilo si kuomba huruma. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, ambao Kongo, Burundi na Tanzania wameukubali, unasema katika kifungu cha 14 kwamba anayeshtakiwa lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na mahakamani apewe mtafsiri bila kulipa. Na mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyefungwa haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Kongo ina ubalozi Bujumbura na konsolato Kigoma. Tunajua kwamba haki iliyo kwenye karatasi haifiki kila dirisha la kila ofisi. Lakini mama anayejua kuiomba kwa upole mara nyingi anasikilizwa kuliko anayelia tu.

Na wageni wetu je?

Tumezungumza juu yetu tukiwa wageni. Lakini kila siku soko letu linapokea wamama wanaotoka Gatumba na Bujumbura, na wengine wanaoshuka kutoka milima ya juu. Wanasema Kiswahili kidogo, au wanakisema kwa sauti tofauti na yetu. Nao wanajiuliza maswali yaleyale mawili: Uvira kuna usalama? Nitasema lugha gani?

Katika mji ulioumizwa kama huu wetu, sauti ya mtu imekuwa kama cheti. Mtu anasema maneno mawili, na tayari wengine wamekwisha kuamua yeye ni nani, ametoka wapi na anataka nini. Kuna watu waliopigwa, na waliouawa, kwa sababu ya namna walivyotamka neno. Tunajua vidonda vya kila upande, na hatusemi kwamba uangalifu si lazima. Tunasema hivi: lugha ya mtu inakuonyesha alikolelewa, haikuonyeshi nia yake. Sisi tunaotaka mama wa Gatumba asituogope tunaposhindwa Kirundi, hatuwezi kumgeuzia mgongo yule anayeshindwa Kiswahili mbele ya meza yetu ya samaki.

Watoto wanatusikiliza. Mama akimwambia mteja "rudi kwenu" kwa sababu ya matamshi yake, mtoto aliye nyuma yake amejifunza somo ambalo shule haitalifuta. Na mama akimjibu mgeni polepole, akamwonyesha namba kwa vidole, akampa mtu wa kumsindikiza hadi kituo, mtoto huyo naye amejifunza.

Kabla ya kufunga mzigo

Juma hili tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya safari yoyote, mtu mmoja aende DGM au apige simu kuuliza kama mpaka umefunguliwa siku hiyo, unafungwa saa ngapi, na karatasi gani zinaombwa. Mambo yanabadilika, na habari za mwezi uliopita hazitoshi. Kadi ya njano ya chanjo isisahauliwe. Pili, msafiri asiende peke yake kama inawezekana, na awaachie wenzake nakala ya karatasi zake, njia atakayopita na saa atakayopiga simu. Tatu, katika mkutano ujao, mama anayejua Kirundi vizuri apewe robo saa kuwafundisha wengine salamu na namba, na mama aliyekaa Kigoma afundishe maneno yanayogeuka. Walimu tunao wenyewe ndani ya vikundi vyetu, na robo saa hiyo haina malipo.

Na atakayerudi kutoka safari, tumwombe asituambie tu kwamba kule ni salama au kule ni hatari. Atuambie aliona nini, alisikia nini, na ni nini ambacho hakukielewa. Habari ya namna hiyo ndiyo itakayomsaidia mama atakayemfuata njiani.